Chaguo-msingi ni chaguo la nani?

Leo nataka tuzungumze kuhusu neno moja tu la SQL, neno ambalo wengi wetu huliandika bila hata kupunguza mwendo wa vidole. Neno lenyewe ni DEFAULT, hasa linapotumiwa wakati wa kuongeza safu mpya kwenye jedwali ambalo tayari lina data. Najua kuna watakaouliza, "Hilo nalo ni jambo la kuandikia?" Subirini kidogo. Neno hili limewahi kupeleka pesa za maziwa kwa watu wasiokamua ng'ombe hata mmoja, na nitawaeleza jinsi lilivyofanya hivyo.

Kwanza niseme na wale ambao hawafanyi kazi hii. Hifadhidata nyingi tunazotumia huweka habari katika majedwali. Fikiria daftari la karani lililopigwa mistari kwa rula. Kila mstari wa kulala ni mtu mmoja, na kila safu ya kusimama ni jambo moja kumhusu: jina, nambari ya kitambulisho, kijiji, simu. Siku moja mkubwa anakuja na kusema, "Kuanzia leo tunataka kujua pia kila mtu analipwa kwa njia gani." Karani wa daftari la karatasi angechukua rula, akapiga mstari pembeni, akaandika kichwa cha safu pale juu, kisha akaacha nafasi wazi mpaka wenyewe waje waulizwe. Sisi wa kompyuta tunaandika hivi:

    ALTER TABLE wanachama
      ADD COLUMN njia_ya_malipo text NOT NULL DEFAULT 'MPESA';

Ukibonyeza kitufe, kila mtu aliyemo kwenye jedwali analipwa kwa M-Pesa. Wote. Aliye hai na marehemu ambaye familia yake haijaja kufunga akaunti, mwenye simu na asiyekuwa nayo. Karani wa karatasi angehitaji siku tatu na kalamu mbili kuandika uongo wa ukubwa huo.

Ukifungua mipangilio ya simu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili utaona DEFAULT ikiitwa chaguo-msingi. Ni neno zuri kwa masikio, lakini kila nikiliona najiuliza: chaguo la nani? Msingi nauona. Aliyechagua simwoni. Mwanachama hakuchagua, kwa sababu hakuulizwa. Mara nyingi hata meneja hakuchagua, maana yeye alisema tu "wekeni na M-Pesa". Aliyechagua ni kijana aliyekuwa mbele ya kioo, kwa sababu hifadhidata ilikataa kuongeza safu ya NOT NULL bila kupewa kitu cha kujazia, naye alitaka ikubali aende nyumbani.

Nilisomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu. Tulifundishwa kugawa majedwali vizuri, funguo kuu na funguo za kigeni, tukachora michoro ya masanduku na mishale mpaka tukachoka. Sikumbuki somo hata moja kuhusu kuongeza safu kwenye jedwali lililo na watu tayari. Majedwali ya darasani huzaliwa yakiwa kamili, na huwa matupu mpaka mwalimu aingize wanafunzi watano wa mfano. Kazini ni kinyume. Jedwali la kwanza nililokabidhiwa nilipoajiriwa lilikuwa na umri wa miaka kumi na safu zaidi ya sitini, na kila safu ilikuwa imeingia siku yake, kwa sababu yake, na mtu ambaye alishaacha kazi zamani.

Haya, turudi kwa neno letu. DEFAULT ikiandikwa ndani ya ADD COLUMN hujibu maswali mawili kwa pumzi moja. La kwanza: mtu atakayeandikishwa kesho bila kutaja njia ya malipo, tumwekee nini? Hiyo ni sera. Chama kinaweza kuiamua, kikaitangaza mkutanoni, na fomu mpya ikasema hivyo. La pili: wale waliokuwepo kabla safu haijazaliwa, tunajua nini kuwahusu? Hapa hakuna sera ya kupitisha. Ama unajua ama hujui, na siku unapoongeza safu kwa kawaida hujui. Maswali haya mawili hayana haja ya kupata jibu moja, lakini sentensi ile ya SQL inayafunga pamoja kama kuni.

Miaka michache iliyopita niliitwa kuangalia mfumo wa chama kimoja cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Sitakitaja, wala sitaitaja kampuni iliyouandika mfumo ule kabla yangu. Malalamiko yalikuwa ya ajabu kidogo. Baadhi ya wanachama walisema hawajalipwa, mfumo ukasema wamelipwa, na taarifa za benki zikakubaliana na mfumo. Pesa zilikuwa zimetoka, zimefika, na hazikurudi.

Zamani wanachama wa chama hicho walikuwa wakilipwa dirishani mwisho wa mwezi, au kupitia akaunti zao za benki. Halafu uongozi ukaamua kulipa pia kwa M-Pesa. Uamuzi wenyewe haukuwa mbaya. Huduma hiyo ilianza mwaka 2007, na kufikia wakati huo hata vituo vya kukusanyia maziwa vilikuwa na wakala jirani. Mtu akaongeza safu kwa amri kama ile niliyoiandika hapo juu. Usiku wa malipo programu ikasoma njia_ya_malipo, ikakuta MPESA, ikachukua nambari iliyo kwenye safu ya simu, ikatuma.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo penye jambo lenyewe. Safu ya simu ilikuwa imejazwa miaka mingi nyuma kwa kazi nyingine kabisa: kutuma arafa za mikutano na za siku za chanjo. Mtu asiye na simu alitoa nambari ya mwanawe, ya jirani, ya mjukuu anayesoma Nakuru. Kwa kazi hiyo haikuwa kosa. Ujumbe ulifika nyumbani, mtu akaambiwa mkutano ni Alhamisi. Lakini siku safu mpya ilipoingia ikiwa imejazwa, safu ya zamani ikabadilika maana bila mtu kuigusa. Nambari iliyomaanisha "hapa ndipo mnaponipata" ikaanza kumaanisha "hapa ndipo mtakapoweka pesa zangu". Hakuna herufi iliyobadilika katika safu ya simu. Ungetafuta kosa pale usingeliona.

Kulikuwa na nyanya mmoja aliyepeleka maziwa kila asubuhi, mvua au jua. Alikuja dirishani nikiwa nimekaa nyuma ya karani. Karani alimgeuzia kioo na kumwambia kwa upole, "Nyanya, umeshalipwa. Ona, hapa imeandikwa M-Pesa. Ulichagua mwenyewe." Nyanya akakitazama kioo kwa muda, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, mimi nilichagua lini?"

Karani hakuwa na jibu, na mfumo pia haukuwa nalo. Pesa za miezi mitatu zilikuwa zimeenda kwa simu ya mwanawe, ambaye alikuwa ameondoka kijijini zamani na hakuwa amemwambia mama yake kitu. Yaliyofuata baina yao si yangu kuyaandika.

Kurekebisha mstari wa nyanya kulichukua dakika moja. Kazi ilikuwa kujua ni wangapi walio kama yeye. Tuliiuliza hifadhidata itupe wote wenye MPESA, ikatupa karibu chama kizima. Ndani ya orodha hiyo kulikuwa na waliofika dirishani na kusema kwa vinywa vyao, "Mimi nitumieni kwa simu." Karani alifungua ukurasa wa kila mmoja wao, akaona tayari imeandikwa MPESA, akafunga. Angefanya nini kingine? Hakukuwa na cha kubadilisha. Kwa hiyo aliyechagua na asiyechagua wakafanana herufi kwa herufi, na hakuna swali la SQL linaloweza kuwatenganisha.

Nakala za akiba hazikusaidia, kwa sababu katika nakala ya siku iliyotangulia safu yenyewe haikuwepo. Tarehe za kujiunga zilisaidia kiasi, kwa maana waliojiunga baadaye walijaza fomu mpya yenye swali hilo. Kwa waliobaki tulirudi kwenye makaratasi: vitabu vya malipo vyenye sahihi na alama za vidole gumba, tukitazama nani alikuwa akilipwa vipi kabla ya mabadiliko. Penye shaka, vijana wawili walienda kwenye vituo vya maziwa alfajiri na kumwuliza mtu mmoja mmoja. Ilichukua wiki mbili na siku kadhaa. Amri iliyoleta yote hayo ilikuwa na mistari miwili.

Nilipendekeza kwamba kila ambaye hatukuwa na uhakika naye arudishwe kwenye NULL, yaani nafasi iachwe wazi, na programu ya malipo ikikuta NULL isilipe bali iweke jina kwenye orodha ya karani. Meneja hakufurahi. "Kwa hivyo hawa hawatalipwa?" Watalipwa, nikamwambia, lakini baada ya mtu kuwapigia. Naye alikuwa na hoja, tusimdharau. Mwezi ule kulikuwa na watu ambao M-Pesa ilikuwa ikiwafaa kabisa, nao wakacheleweshwa siku mbili tatu kwa sababu yetu, na kelele zote zilimwangukia karani. Kuacha nafasi wazi kuna gharama. Tofauti ni kwamba gharama hiyo inaonekana siku ileile, na anayelalamika anajua mahali pa kulalamikia.

Msidhani haya ni mambo ya vyama vidogo vyenye kompyuta moja. Huko Marekani kuna kampuni iitwayo MaxMind inayouza habari za mahali anwani za IP zilipo. Ilipokuwa na anwani ambayo inajua tu kwamba iko Marekani, bila kujua jimbo wala mji, iliipa alama ya katikati ya nchi, ikazungusha tarakimu zikawa digrii 38 kaskazini na 97 magharibi. Alama hiyo iliangukia kwenye shamba moja karibu na Potwin, mji mdogo wa jimbo la Kansas. Habari hiyo ilipochapishwa mwaka 2016, zaidi ya anwani milioni 600 zilikuwa zimeelekezwa pale. Kwa takriban miaka kumi wenyeji wa shamba hilo walitembelewa na polisi, maafisa wa kodi na watu wenye hasira wakitafuta matapeli wa mtandaoni, na hawakujua kwa nini. Baada ya hapo kampuni iliihamishia alama hiyo katikati ya ziwa. Mimi hucheka kila nikikumbuka ziwa hilo, lakini angalia vizuri: hata ziwani bado ni mahali. Jibu la "hatujui" bado lilivaa nguo za "tunajua".

Wale wanaofanya kazi ya ramani wana kisa chao wanachokipenda, kisiwa kisichokuwepo katika Ghuba ya Guinea, pale latitudo 0 na longitudo 0 zinapokutana. Data yote iliyopewa sifuri badala ya mahali halisi huishia baharini pale. Watu wengine husema dawa ni rahisi, chuja kila penye sifuri. Waambieni waje Nanyuki. Ikweta inapita pale, na mfugaji wa pale anaweza kuwa na latitudo ya sifuri kwa haki yake mwenyewe. Ukimfuta kwa kudhani ni takataka umemwondoa mtu kwenye ramani kwa kosa la kuishi katikati ya dunia.

Sifuri ina ubaya mwingine wa kimyakimya. Tuseme unaongeza safu ya idadi ya ng'ombe, na katika wafugaji watano unawajua watatu tu: mmoja ana 2, mwingine 3, mwingine 4. Ukiwaacha wawili waliobaki wazi, AVG itawaruka na kukupa 3. Ukiwawekea DEFAULT 0 itakupa 1.8. Hakuna ng'ombe aliyekufa, lakini ripoti inayoenda kwa wafadhili inasema mifugo imepungua.

Na tarehe je? Wazee wengi kwetu waliozaliwa kabla ya vyeti kuenea wana kitambulisho kinachojua mwaka tu, na mfumo unaotaka siku na mwezi huwapa tarehe 1 Januari. Wakimbizi wengi waliopokelewa Marekani bila hati za kuzaliwa walipewa tarehe hiyohiyo. Kuna familia ambamo baba, mama na watoto wote wana siku moja ya kuzaliwa. Lakini mbaya zaidi kwangu ni ile ya mwandishi wa programu anayeongeza safu ya tarehe ya kujiunga na kuandika DEFAULT now(). PostgreSQL hukadiria now() mara moja tu katika amri kama hiyo, kwa hiyo wanachama wa miaka thelathini wote wanakuwa wamejiunga sekunde moja, saa nne na dakika kumi na mbili usiku. Heri hiyo, kwa sababu inajulikana. Ukitumia clock_timestamp() kila mstari unapata wakati tofauti kidogo na mwenzake, na baada ya mwaka mmoja hakuna atakayekumbuka kwamba historia ile ilitungwa. SQLite, ile iliyomo katika simu zenu za Android, hukataa kabisa kuongeza safu yenye CURRENT_TIMESTAMP kama chaguo-msingi. Nilipokutana na katazo hilo mara ya kwanza liliniudhi. Siku hizi naliheshimu, hata kama waliliweka kwa sababu zao za kiufundi.

Sasa kidogo kuhusu mitambo yenyewe, maana najua kuna wasomaji walionifuata mpaka hapa wakisubiri sehemu hii. Kwa miaka mingi kuongeza safu yenye chaguo-msingi ilikuwa kazi nzito. PostgreSQL kabla ya toleo la 11 ililazimika kuandika upya jedwali zima, mstari kwa mstari, huku imelifunga kiasi kwamba hata anayetaka kusoma tu anasubiri mlangoni. Kwa jedwali kubwa hilo ni mfumo kusimama. Oracle ilipunguza tatizo hilo mwaka 2007 katika toleo lake la 11g, SQL Server mwaka 2012 kwa wanaolipia toleo la Enterprise, na mwaka 2018 wakafika MySQL 8.0.12 na PostgreSQL 11. Mbinu ya PostgreSQL inapendeza. Mistari ya zamani haiguswi. Thamani huandikwa mara moja tu katika jedwali la ndani liitwalo pg_attribute, na kila mstari wa zamani unaposomwa, safu iliyokosekana hujazwa papo hapo kutoka pale. Ndiyo kusema kwenye diski mstari wa nyanya haukuwa na neno MPESA hata kidogo. Ulivikwa njiani, wakati wa kusomwa.

Nafurahia maendeleo haya, na sitaki kurudi nyuma. Lakini nimeona kitu. Kabla ya mwaka 2018, kwa kuogopa kufunga jedwali, waandishi wa programu wenye uzoefu walikuwa na desturi ya kugawa kazi hii vipande. Kwanza unaongeza safu tupu, isiyo na chaguo-msingi. Halafu unaweka chaguo-msingi kwa amri ya pekee, ambayo haigusi mistari iliyopo bali ile itakayokuja:

    ALTER TABLE wanachama ADD COLUMN njia_ya_malipo text;
    ALTER TABLE wanachama
      ALTER COLUMN njia_ya_malipo SET DEFAULT 'MPESA';

Kisha unajaza mistari ya zamani kidogo kidogo, elfu chache kwa wakati, na mwisho ndipo unaweka NOT NULL. Walifanya hivyo kwa ajili ya kasi, lakini angalia kilichotokea: maswali yale mawili yalitenganishwa. Kipande cha kujaza mistari ya zamani kilisimama peke yake kwenye kioo, na mtu aliyekuwa akikiandika alilazimika kuandika UPDATE na kufikiria WHERE yake. Hapo penye WHERE ndipo wazo "hivi, hawa wote kweli?" lilipopata nafasi ya kuingia. Sasa yote yanaisha kufumba na kufumbua, na wazo hilo halina mlango.

Django, ninayoitumia kila siku, inajaribu kusimama mlangoni. Ukiongeza uga usiokubali kuwa wazi bila chaguo-msingi, inasimama na kukuuliza thamani ya kutumika mara moja tu kwa mistari iliyopo. Swali zuri kabisa. Shida ni kwamba linamwuliza mtu asiyejua, saa tano usiku, naye anaandika alama mbili za nukuu zisizo na kitu katikati na kubonyeza Enter.

Kuhusu NULL yenyewe, wakubwa waliotutangulia waligombana sana. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa IBM na aliyechapisha wazo la majedwali mwaka 1970, aliitetea mpaka mwisho. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alitaka hata ziwe alama mbili: moja ya jambo lililopo ila hatulijui, nyingine ya jambo lisilomhusu mtu huyo. Simu ya nyanya isiyojulikana na simu ya nyanya asiye na simu ni vitu viwili, na Codd alikuwa sahihi hapo. Chris Date, mwenzake wa karibu, aliipinga NULL miaka yote na kupendekeza thamani maalum za kujazia. Naye alikuwa na sababu. Jaribu kuuliza wote ambao njia_ya_malipo <> 'MPESA' uone kama wale wa NULL watatokea. Hawatokei. Hawako upande huu wala ule, na ripoti inawasahau bila kusema. Dawa moja ni kuandika IS DISTINCT FROM, na nusu ya watu ninaofanya nao kazi hawajawahi kuiona.

Mimi nimesimama katikati yao. Kwa safu za maneno siku hizi naweka chaguo-msingi, lakini ni 'HAJAULIZWA'. Hiyo ni kweli kwa kila mstari wa zamani bila kumwacha mtu, inaonekana kwenye ripoti, na karani anaielewa bila kunipigia simu. Kwa namba na tarehe hakuna neno kama hilo, kwa hiyo naacha NULL na kuvumilia usumbufu wake. Na kuna safu ambazo chaguo-msingi yake haina ubishi wowote: majaribio_ya_kuingia ikianza na 0, imefutwa ikianza na false. Safu hizo zinazungumza kuhusu mfumo, na mfumo unajua kwamba jana haukuwa ukihesabu. Zikianza kuzungumza kuhusu mtu, mkono wangu unapunguza mwendo.

Kuna safu moja ambayo sheria imeshatuamulia. Wenye biashara hupenda kuongeza anakubali_matangazo na kuwawekea wateja wote wa zamani true. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini iwe ya wazi, ya hiari, mahususi, na ya mtu aliyeelezwa anachokubali, kwa kauli au kitendo chake. DEFAULT true si kauli ya mteja wala kitendo chake. Nimeshawahi kuombwa niandike hivyo na mteja mmoja ambaye pia sitamtaja. Nilimpelekea ukurasa wa sheria ukiwa umepigwa mstari, na hakuniandikia tena juu ya hilo, wala juu ya jambo lingine lolote.

Wiki hii nina safu nyingine ya kuongeza kwa kile chama cha maziwa: lugha ya arafa. Wengi wangependa Kiswahili, wazee wengine wanataka Kikuyu, vijana wengine Kiingereza. Meneja amesema weka Kiswahili kwa wote tumalize. Arafa kweli zitaenda kwa Kiswahili kwa kila ambaye hatujamwuliza, lakini uamuzi huo nimeuweka ndani ya programu ya kutuma, na jedwali litaendelea kusema kwamba hajaulizwa. Safu itaingia Jumatatu usiku baada ya malipo kukamilika. Karani ameshaniuliza kama fomu zitachapishwa upya, na nani atalipia karatasi.